Yoga na Maumivu Sugu ya Mgongo

Mtu ambaye mgongo umemuuma kwa miaka mingi hutambulika kabla hajasema neno. Hukaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni asiyetarajia kukaa sana. Anapotaka kuinuka huegemeza mkono juu ya goti, hubana pumzi, hukaza tumbo na kiuno kwa pamoja, ndipo husimama kwa mkupuo mmoja kama kitu cha ubao kisicho na maungio. Akiulizwa sababu, atajibu kwamba anauchunga mgongo usije ukakatika. Jibu hilo lina busara yake, kwani kila mnyama aliyejeruhiwa hufanya vivyo hivyo. Lakini jeraha la mnyama hupona na mwendo wake hurudi kuwa kama zamani. Kwa nini basi binadamu huyu, aliyeteguka kiuno miaka sita iliyopita, angali akijichunga hadi leo, na kwa nini mgongo ungali ukimuuma?

Swali hili si dogo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowatia watu wengi kiasi hicho katika ulemavu. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu huitwa sugu. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi hawaonekani kuwa na ugonjwa mahsusi unaoweza kutajwa: wala mfupa uliovunjika, wala kifua kikuu cha uti wa mgongo, wala saratani. Hurudi nyumbani na picha ya eksirei isiyoonyesha kitu, na hapo huanza taabu ya pili. Jirani humwona mgonjwa kuwa mvivu, mwajiri humwona mwongo, naye mwenyewe huanza kujishuku.

Miongoni mwa tiba ambazo wagonjwa wa namna hii wameelekezwa kuzifuata katika miongo ya karibuni ni yoga, zoezi la kale la Bara Hindi, pamoja na mafunzo ya kuuhisi mwili kwa makini. Wapo wanaoisifu kupita kiasi na wapo wanaoicheka. Ili ifahamike kwa nini kunyoosha viungo polepole juu ya mkeka kuweze kumfaa mtu ambaye dawa hazikumfaa, hapana budi kwanza kujua maumivu yenyewe ni kitu gani.

Kengele, lango na mbwa

Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1664, miaka kumi na minne baada ya kufa kwake, alieleza maumivu kwa mfano wa kengele. Moto ukigusa mguu huvuta uzi mwembamba upitao mwilini hadi kichwani, na huko kengele hulia. Mfano huu ni mzuri kwa urahisi wake, na wagonjwa wengi, pamoja na madaktari wasio wachache, wangali wakiufuata: maumivu makubwa ni dalili ya jeraha kubwa, na pasipo jeraha hapana maumivu.

Mambo mawili yameupinga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya nchini Italia. Katika taarifa yake ya mwaka 1946 alieleza kwamba takriban robo tatu yao, ingawa walikuwa hawajapewa mofini kwa saa kadhaa, hawakuwa na maumivu ya kuwafanya watake dawa. Beecher aliona kwamba kwa askari hao jeraha lilikuwa na maana ya kuondoka vitani wakiwa hai. Jambo la pili ni kinyume cha hilo. Mwaka 1994 ilitangazwa huko Marekani kwamba watu 98 wasioumwa mgongo walipigwa picha kwa mashine ya sumaku, na 64 katika kila 100 walionekana kuwa na kasoro katika visahani vya gegedu vilivyo baina ya pingili za uti wa mgongo. Kumbe mtu aweza kuwa na kasoro asiumwe, na aweza kuumwa asiwe na kasoro.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia mpya. Walisema kwamba ishara zitokazo mwilini hupita langoni, katika kamba ya neva iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Lango hilo huweza kufunguliwa au kufungwa na ishara nyingine za mguso, na pia na amri zinazoshuka kutoka ubongoni. Mtoto aliyejigonga goti hulisugua bila ya kufundishwa na mtu, analifunga lango. Vijisehemu kadhaa vya nadharia hiyo vimesahihishwa baadaye, lakini kiini chake kimesimama: ubongo si karani anayepokea barua tu, bali hushiriki kuiandika. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za uti wa mgongo zikichokozwa sana huongeza ukali wake, hata mguso ambao zamani haukuwa na neno ukaja kuleta maumivu.

Kwa hiyo mfano wa mbwa mlinzi unafaa kuliko ule wa kengele. Nyumba ikivunjwa usiku mmoja, mbwa hujifunza. Tangu siku hiyo hubweka apitapo mwizi, kisha hubweka apitapo jirani, na hatimaye hubweka liangukapo jani la mwembe. Sauti yake ni ya kweli na mbwa hadanganyi. Ila mwizi hayupo. Yafaa jambo hili lisisitizwe, kwa kuwa wagonjwa wengi wakielezwa habari za ubongo hudhani wanaambiwa kwamba maumivu yao ni ya kuwazia tu. Jumuiya ya kimataifa ya wachunguzi wa maumivu, iliporekebisha mwaka 2020 maelezo yake ya mwaka 1979 kuhusu maana ya maumivu, iliongeza kwamba mtu asemapo anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

Ramani iliyofifia

Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji Wilder Penfield, huko Montreal, aligusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho, akachora ramani ya mwili jinsi ilivyopangwa juu ya ubongo. Midomo na vidole vilikuwa na eneo kubwa, nao mgongo ulikuwa na eneo dogo, ijapokuwa kwa nje mgongo ni mpana kuliko kiganja.

Msomaji aweza kulithibitisha hilo kwa njiti mbili za kiberiti na msaada wa ndugu yake. Njiti zikiguswa kwa pamoja kwenye ncha ya kidole zikiwa zimeachana kwa milimita tatu hivi, mtu aliyefumba macho husema ni mbili. Zikiguswa kiunoni kwa nafasi hiyohiyo husema ni moja, na kwa kawaida hazitatambuliwa kuwa mbili mpaka ziachane kwa sentimita nne hivi. Sasa, wagonjwa wa maumivu sugu ya kiuno wakipimwa hivi, njiti huhitaji kuachana zaidi ya hapo. Mwaka 2008 Lorimer Moseley wa Australia alitangaza uchunguzi mdogo wa wagonjwa sita. Aliwaomba wachore umbo la migongo yao kama wanavyoihisi, pasipo kujigusa wala kutazama. Mahali penye maumivu walishindwa kuuchora mstari wa mgongo, walisema hawapaoni. Na kabla ya hapo, mwaka 1997, wachunguzi wa Ujerumani walikuwa wameona kwamba katika ubongo wa wagonjwa wa siku nyingi eneo linaloitikia mguso wa mgongo lilikuwa limepanuka na kusogea kutoka mahali pake.

Haya ni maajabu kidogo. Mtu ambaye hawazi kitu kingine mchana kutwa ila mgongo wake, ndiye asiyejua mgongo huo uko wapi. Anao uchungu wake tu, na umbo lake limempotea. Asichokijua hawezi kukisogeza kwa ustadi, kwa hiyo husogeza vyote kwa pamoja, kama yule aliyeinuka kitini kwa mkupuo. Misuli inayobanwa kutwa nayo huchoka na kuuma, na mbwa hupata sababu mpya ya kubweka.

Kutoka Mysore hadi hospitalini

Neno yoga ni la Kisanskriti, nalo lahusiana na kuunga au kutia nira. Katika maandishi ya kale ya Patanjali shabaha kubwa ni kuituliza akili, na mikao ya mwili imetajwa kwa maneno machache mno. Mikao mingi ifundishwayo siku hizi imeenea katika karne ya 20. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha huko Lonavla, karibu na Pune, kituo cha kuchunguza yoga kwa vyombo vya sayansi. Kusini zaidi, katika mji wa Mysore, T. Krishnamacharya alikuwa akiwafundisha vijana chini ya ufadhili wa mtawala wa huko.

Mmoja wa vijana hao alikuwa shemeji yake, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014. Utotoni alidhoofishwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, hata alipofika Mysore hakuwa kijana wa kutarajiwa makubwa. Pengine ndiyo sababu alipokuwa mwalimu aliwafikiria watu wenye miili migumu. Alitumia mikanda, vipande vya ubao, viti, kamba na blanketi zilizokunjwa, ili mkao umfuate mtu badala ya mtu kuvunjwa auingie mkao. Kwa mgonjwa wa mgongo uvumbuzi huu una thamani kuliko mikao yote ya kusimama kwa kichwa ipigwayo picha kwenye majarida.

Njia ya pili ilianzia hospitalini kwenyewe. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, alianza kuwapokea wagonjwa ambao tiba za kawaida zilikuwa hazikuwapa nafuu. Mafunzo yalikuwa ya wiki nane. Mgonjwa alilala chali, akapitisha mawazo yake sehemu baada ya sehemu, tangu vidole vya mguu hadi utosini, akiangalia kila mahali pana nini, bila ya kupigana nacho. Pamoja na hayo alifanya yoga nyepesi. Mafunzo hayo yaliondolewa lugha ya dini kwa makusudi. Muislamu au Mkristo wa Afrika Mashariki anayeogopa kwamba atafundishwa ibada ya watu wengine ana haki ya kuuliza, maana wapo walimu wanaochanganya mambo hayo. Lakini kukunja goti huku ukitoa pumzi si mali ya dini yoyote.

Juu ya mkeka

Mwalimu aijuaye kazi yake haanzi kwa kumkunja mgonjwa. Humlaza chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga sakafu, kanga au blanketi iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa. Kisha huuliza maswali ambayo kwanza huonekana ya kitoto. Ni sehemu zipi za mgongo zinazogusa mkeka? Je, upande wa kulia umelala sawa na wa kushoto? Pumzi ikiingia, kinachoinuka ni kifua au ni tumbo? Mara nyingi mgonjwa hana jibu. Awezalo kusema ni kwamba mgongo unauma.

Hapo huanza mwendo. Akitoa pumzi, hukibonyeza kiuno mkekani kwa upole. Akivuta pumzi, hukiachilia. Umbali wenyewe haupiti unene wa kidole. Mwendo umefanywa mdogo kwa makusudi, usije ukamwamsha mbwa. Unarudiwa mara sita au nane, na kila mara mgonjwa hutakiwa ataje anachokihisi kwa jina lake: joto, mvuto, uzito, ganzi, mchomo, mbano. Neno moja “maumivu” huanza kugawanyika. Wapo wanaogundua kwa mara ya kwanza kwamba sehemu ya kile walichokiita maumivu ni mvuto wa kawaida wa msuli uliokaa bila kazi, kama ule aupatao mtu yeyote anayepanda mlima baada ya kukaa sana mjini.

Baada ya siku kadhaa hupiga magoti na kuegemea viganja, mgongo ukainuliwa kama wa paka anayejinyoosha, ukashushwa pingili baada ya pingili. Asiyeweza kushuka sakafuni hufanya hivyo akiwa kitini. Baadaye husimama mbele ya meza, huweka viganja ukingoni, hurudi nyuma hatua moja na kuinama kutoka kwenye nyonga huku mgongo umenyooka. Mizani ya haya yote ni pumzi. Kutoa pumzi polepole hupunguza mwendo wa mapigo ya moyo na kuulegeza mwili. Na mtu anapoibana pumzi, amekwisha kuuvuka mpaka, hata kama uso wake unatabasamu. Hurudi nyuma nusu ya njia na kuanza tena.

Kuna jambo moja ambalo wafundishaji wa haraka hulikosea. Mgonjwa wa maumivu sugu hahitaji kuambiwa auangalie mwili wake zaidi, kwa sababu anauangalia mno tayari. Lakini anauangalia kama askari wa zamu ya usiku, anayetazama gizani akitafuta adui. Na atafutaye adui gizani humwona hata katika kichaka. Uangalizi wa namna hiyo huyazidisha maumivu. Unaofundishwa mkekani ni wa namna nyingine, wa mtu anayetazama ili ajue kilichopo, naye hana haraka ya kukimbia. Tofauti kati ya hizi mbili haielezwi kwa maneno ikaeleweka. Hufahamika kwa kufanya, tena kwa wiki nyingi. Kila mara ambapo mtu ameinama kwa utulivu na baya alilolitarajia halikutokea, ubongo unapata ushahidi mmoja wa kuuweka upande wa pili wa mizani.

Majaribio yasemavyo

Sayansi haiamini ushuhuda wa wachache waliopona, na ni vema kuwa hivyo. Mwaka 2005 Karen Sherman na wenzake wa Seattle walitangaza jaribio la watu 101 wenye maumivu sugu ya kiuno, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: yoga, mazoezi ya kawaida ya viungo, na kitabu cha kujisaidia. Baada ya wiki 12 kundi la yoga lilikuwa likifanya shughuli zake vizuri kuliko mengine. Magazeti yalipenda habari za namna hiyo. Wachunguzi wenyewe hawakuridhika, wakarudia kwa watu 228, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba yoga ilishinda kitabu, lakini haikushinda madarasa ya kawaida ya kunyoosha viungo. Mtafiti anayesahihisha ushindi wake mwenyewe kwa jaribio kubwa zaidi anastahili kusifiwa kuliko ushindi wenyewe.

Jaribio lingine, la mwaka 2017, lilifanyika Boston kwa watu 320, wengi wao wenye kipato kidogo. Baada ya wiki 12 yoga ilionekana kutopungukiwa na tiba ya viungo itolewayo na mtaalamu, na watu wa makundi hayo mawili walitumia dawa za maumivu kwa uchache kuliko waliopewa kitabu. Mafunzo ya wiki nane ya Kabat-Zinn nayo yalipimwa kwa watu 342 katika jimbo la Washington, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, watu 60 hivi katika kila 100 walikuwa wameongeza uwezo wao wa kufanya kazi kwa kiasi cha maana, kulinganisha na 44 katika kila 100 walioendelea na tiba ya kawaida.

Mapitio makubwa ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 21 yenye watu 2,223, yanaleta kiasi katika sifa hizo. Yakilinganishwa na kutofanya zoezi lolote, maumivu ya wafanyao yoga hupungua kwa chini ya pointi 5 katika kipimo cha pointi 100, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ambayo madaktari huihesabu kuwa kubwa kwa mgonjwa. Yakilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ni kidogo au haipo. Tena washiriki wote hujua kwamba wanafanya yoga, kwa hiyo sehemu ya nafuu yaweza kuwa ya matumaini. Hata hivyo wastani huficha mengi: humo wamo walionufaika sana na wamo ambao mgongo uliwazidi kwa muda. Kwa kadiri ya ushahidi huo, mgonjwa asiyependa yoga hajakosa kitu akichagua zoezi jingine atakalolidumu. Na mgonjwa anayeogopa kila mwendo huenda akapata katika yoga mlango mwepesi zaidi wa kuingilia. Chama cha matabibu wa Marekani kiliitaja yoga mwaka 2017 miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa.

Yapo ya kutahadhari. Mtu mwenye ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, aliyeshindwa kuzuia mkojo au choo, au anayepungukiwa nguvu za miguu, aende hospitali siku hiyohiyo, wala asiende kwenye mkeka. Vivyo hivyo maumivu yanayofuatana na homa, kukonda au jasho la usiku yachunguzwe kwanza, kwani kifua kikuu cha uti wa mgongo, kilichoelezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779, hakijaondoka Afrika Mashariki. Wenye mifupa iliyopungua uzito wasikunje mgongo mbele kwa nguvu, na wenye shinikizo la macho waepuke mikao ya kuinamisha kichwa.

Vilivyokuwa vikitegemewa zamani vimepungua heshima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa, na haushauri mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa za jamii ya afyuni kuwa tiba ya kawaida ya maumivu haya.

Kwa mkulima wa jembe la mkono, mambo haya huanzia shambani zaidi kuliko darasani. Ada ya mgonjwa wa siku nyingi ni kulima kutwa siku anayoamka mzima, kisha kulala siku tatu. Na ubongo wake hujifunza kwamba jembe na kitanda ni ndugu. Wataalamu humwelekeza apime kazi yake kwa hesabu iliyowekwa mapema, asiipime kwa uchungu wa siku: ainame kutoka kwenye nyonga, atoe pumzi jembe linaposhuka, ajinyooshe kila afikapo mwisho wa tuta. Matuta mawili leo na matuta mawili kesho, hata kama kesho asubuhi mgongo utadai kulala, na hata kama kesho kutwa atajisikia kulima manne.